MAONI: Kijana, ukitumiwa mayai ya kuangua, piga hesabu ya nusu

Kama wewe ni kijana na unaishi Kitengela, Isinya ama Kajiado mjini, naamini umeiona ile video. Mwenzako amesimama kando ya mashine, vifaranga wanalia chwi chwi, naye anakuambia: nunua mashine, tumiwa mayai, subiri siku 21, hesabu chapaa. Mimi pia niliiona. Niliitazama mara tatu usiku mmoja nikiwa katika chumba changu cha kupanga karibu na Noonkopir, baada ya kibarua changu cha kiwandani huko Athi River kuisha.

Leo nataka tuongee ukweli, mimi na wewe. Sisemi usiangue mayai. Mimi mwenyewe bado naangua. Ninachosema ni kwamba ukiagiza mayai kutoka mbali, piga hesabu ya nusu. Na hiyo nusu itakayoanguliwa, usimuuzie mtu kabla hujaichanja. Haya mawili nimejifunza kwa njia chungu.

Nilikopa Sh14,500 katika chama cha mama yangu nikanunua mashine ya mayai 64. Nikaagiza trei mbili za mayai ya kienyeji kutoka magharibi mwa nchi, mayai 60 kwa Sh30 kila moja. Yalisafiri kwa basi usiku kucha, kisha boda boda ikayaleta kutoka stejini. Usafiri wote ulikuwa Sh400. Ukiongeza tokeni za stima za Sh600 kwa wiki hizo tatu, nilikuwa nimetumia Sh2,800, mashine kando. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika: vifaranga 54. Nani aliniambia nitapata asilimia 90? Video.

Haya ndiyo yaliyotokea. Mayai matatu yalifika yakiwa na nyufa, nikaweka 57. Siku ya saba nilizima taa nikayamulika kwa tochi ya simu. Kumi na moja yalikuwa meupe pe, hayana hata uzi mmoja wa damu. Kufikia siku ya 18, mengine tisa yalikuwa yamekufa. Yakabaki 37. Siku ya 21 na ya 22 walitoka vifaranga 22. Wengine 15 walifia ndani ya ganda, baadhi yao wakiwa tayari wametoboa kitundu kwa mdomo. Wueh! Hicho kitundu kinauma moyo kuliko yai lisilo na kitu.

Sasa gawa Sh2,800 kwa 22. Kila kifaranga alinigharimu Sh127. Wakati huo duka la pembejeo mtaani lilikuwa likiuza kifaranga wa siku moja, tayari amechanjwa, kwa Sh110. Yaani nilikesha wiki tatu ili nipate hasara ya Sh17 kwa kila kichwa. Ningepata nusu, yaani 30, kila mmoja angekuwa Sh93. Hapo kuna faida, lakini ni ndogo. Ile faida nono ya kwenye video huja tu ukipata 54, na mayai yaliyopanda basi usiku kucha ni nadra sana kukupa 54.

Kwa nini? Kwa sababu yai la kuangua si mzigo kama viatu. Ni kitu hai. Upande wake butu una chumba kidogo cha hewa, na ndani kiini kimeshikiliwa na nyuzi mbili nyeupe zilizojisokota. Basi likiruka tuta baada ya tuta, chumba hicho hulegea na nyuzi hizo huweza kukatika. Kwa nje yai linang'aa, kwa ndani limeshavurugika. Joto nalo lina visa vyake. Yai lililorutubishwa huanza kukua polepole likizidi nyuzi 21 hivi. Likikaa ndani ya buti lenye joto mchana kutwa, kijusi huanza safari, kisha hufa njiani kabla hata hujawasha mashine yako. Ongeza umri: yai likipita siku saba tangu litagwe, nafasi yake ya kuanguliwa huanza kushuka. Muuzaji akikusanya mayai kwa wiki mbili ili trei ijae, wewe unanunua kitoweo kwa bei ya kifaranga.

Halafu kuna hewa yetu ya huku. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na miezi ya jua hewa ya Kajiado ni kavu, unaijua hata kwenye midomo yako. Yai hupumua kupitia vitundu vidogo vya ganda, na katika hewa kavu ya mwinuko hupoteza maji haraka. Maji yakiisha sana, utando wa ndani hukauka na kumshika kifaranga kama gundi. Wengi wa wale wangu 15 waliishia hapo. Sikuwa nikiongeza maji kwenye mashine ipasavyo, na usiku wa siku ya 16 stima ilipotea kwa saa tisa, nami nikababaika, nikawa nafungua kifuniko kila dakika kuchungulia.

Kwa hivyo ukiamua kuingia, ingia na haya mkononi.

Kwanza, nunua karibu. Awamu yangu ya pili nilichukua mayai 50 kwa mfugaji wa Isinya, nikayafuata mwenyewe na kuyabeba mapajani kwenye matatu. Waliangulika 38. Mashine ni ile ile, chumba ni kile kile. Kilichobadilika zaidi ni safari na umri wa mayai. Ni kweli mayai ya mbali yana maana ukitaka mbegu ambayo huku haipo, lakini usiyafanye kuwa msingi wa biashara.

Pili, muulize muuzaji maswali matatu kabla ya kutuma pesa: mayai yalitagwa lini, jogoo mmoja anahudumia mitetea wangapi, na kuku wazazi wamechanjwa? Jogoo mmoja kwa mitetea kumi ni hesabu nzuri. Wazazi wagonjwa huweza kuwapitishia vifaranga maradhi kupitia yai lenyewe, kama vile pullorum, ambayo huwamaliza wakiwa na siku chache tu. Muuzaji akikujibu kwa ukali, umepata jibu lako. Hifadhi pesa zako.

Tatu, mayai yakifika usiyakimbize kwenye mashine. Yasimamishe kwenye trei, ncha nyembamba ikiangalia chini, yapumzike saa 12 hadi 24 mahali penye ubaridi kiasi. Usiyaoshe kwa maji, maana utaondoa kinga ya ganda. Wakati yanapumzika, iwashe mashine ikiwa tupu hadi joto litulie. Kwa mashine yenye feni, ni nyuzi 37.5. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, kisha upandishe hadi 65 ama 70 siku tatu za mwisho. Geuza mayai angalau mara tatu kwa siku, na siku ya 18 acha kuyageuza kabisa. Kuanzia hapo funga mashine, tulia. Kifaranga akianza kutoboa, usimsaidie kwa haraka. Anaweza kuchukua saa 12 ama hata siku nzima.

Nne, jipange kwa kukatika kwa stima, kwa sababu itakatika. Kuku mwenyewe huacha mayai yake kila siku dakika kadhaa akatafute chakula na maji, kwa hivyo saa moja haitakumaliza. Stima ikienda, usifungue mashine. Ifunike kwa blanketi ukiacha nafasi ya hewa, na ikichelewa, weka chupa za maji ya moto kando yake. Kumbuka kwamba joto likizidi huua haraka kuliko ubaridi. Mashine ikifika nyuzi 40 ukiwa kanisani, utarudi kupata mayai ya kuchemsha. Na usitishwe na mambo ya teknolojia. Wamisri walikuwa wakiangua mayai katika matanuri ya udongo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, bila stima na bila kipima joto. Walikuwa wakiweka yai kwenye kope ya jicho kupima joto lake. Walichokuwa nacho ni ujuzi na uangalifu, na hivyo viwili huuziwi pamoja na mashine.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Wale vifaranga wangu 22 wa kwanza, niliwauza 12 wakiwa na wiki moja kwa mama mmoja wa Kisaju, Sh120 kila mmoja. Nilikuwa nimezoea kumwita yeyo, kama tunavyowaita akina mama wa Kimaasai huku. Ukame wa kati ya 2020 na 2023 ulikuwa umemalizia karibu ng'ombe wake wote. Wewe kama ni wa Kajiado, huhitaji kuelezwa. Uliona mizoga kando ya barabara. Akaona aanze kuku, kitu ambacho kwao zamani hakikuhesabiwa kuwa mifugo. Alikuwa tayari na mitetea sita. Sikuwa nimechanja vifaranga hata mmoja. Hakuniuliza, nami sikumwambia. Nilikuwa na deni la chama.

Wiki tatu baadaye akanipigia. Kuku walikuwa wakiharisha kijani, shingo zikipinda, wanakufa mmoja baada ya mwingine. Newcastle. Wale 12 walikwisha, na mitetea yake mitano ikafuata. Nilipofika kwake hakunifokea. Alinikaribisha chai, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa kuku walikuwa wamechanjwa?" Nikanyamaza. Nilikuwa na majibu mengi njiani, lakini pale kwenye kigoda sikupata hata moja.

Huenda ugonjwa ulitoka kwa jirani. Hilo halinitoi lawamani. Niliuza kuku wasio na kinga kwa mtu aliyekuwa amepoteza kila kitu, na nikamwacha aamini wako sawa. Nilimrudishia Sh1,440 zake kwa awamu mbili. Mitetea yake sijaweza kumlipa.

Utaniambia chanjo ni ghali. Hapana, si ghali. Ya Newcastle inatengenezwa hapa hapa nchini na KEVEVAPI, na maduka mengi ya dawa za mifugo huiuza. Shida ni kwamba chupa moja ina dozi nyingi, mara nyingi 100 ama zaidi, na ukishaichanganya lazima uitumie ndani ya saa chache. Mtu mwenye vifaranga 22 anaona kama anamwaga pesa, basi anaacha. Hapo ndipo wengi wetu tunaanguka.

Dawa ya hili ni kuacha kila mtu kujifungia na mashine yake chumbani. Tafuta wenzako watatu ama wanne mtaani wanaoangua. Wekeni mayai wiki moja, ili vifaranga watoke wiki moja, mnunue chupa moja, mmwite mhudumu wa mifugo mara moja, mgawane gharama. Sisi sasa tuko wanne, na kila mmoja hatoi hata bei ya soda mbili. Ukimuuzia mtu, mwandikie kwenye karatasi: waliangulika tarehe fulani, walichanjwa tarehe fulani, chanjo inayofuata ni tarehe fulani. Haikugharimu chochote.

Na serikali ya kaunti isijitoe. Tunasikia kila siku kwamba vijana waanzishe ufugaji. Vizuri. Basi kila wadi iwe na siku moja ya chanjo ya kuku kwa mwezi, siku inayojulikana, watu walete ndoo na makatoni yao. Ng'ombe huchanjiwa kwa kampeni. Kuku wa yeyo wa Kisaju ana kosa gani?

Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Ni kweli, kifaranga akitoka anajua kazi yake. Sisi tunaowaangua ndio tunaohitaji kufunzwa. Kwa hivyo, ukiwa na Sh14,500 za mashine mfukoni leo, usiharakishe. Tembelea anayeangua kwanza, ukae naye siku ya 18 hadi ya 21 uone kwa macho. Kisha anza na mayai machache ya karibu, andika nusu kwenye daftari lako, na ukipata zaidi ushukuru.

Yule yeyo alinipigia tena mwezi uliopita. Anataka vifaranga wanane. Hakuuliza bei. Aliuliza tarehe ya chanjo, akaniambia nije na ile karatasi. Nawe ukinunua kwa yeyote, hata kwangu, uliza hivyo hivyo.