Sabini na Wawili Walitosha

Kwenye kikao kilichopita cha kamati ya michezo, ajenda namba 4 ilikuwa fupi: kuwe na mbio za kilomita 5 za wanawake peke yao wakati wa bonanza la muhula huu. Nilikuwepo kama mwakilishi wa bloku yetu. Dada aliyeleta hoja hakuwa amemaliza hata sentensi ya tatu, kaka mmoja wa mwaka wa tatu akanyoosha mkono. "Huu ni ubaguzi wa wazi," akasema. "Sisi tukiandaa mbio za wanaume tupu mtakubali?" Watu wakacheka, wengine wakapiga meza. Mwingine akamalizia kabisa: "Halafu jamani tuseme ukweli, wasichana hawajitokezi. Mwaka jana walikuja 9."

Mimi nilikuwa mmoja wa wale 9. Na nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu moyoni nilikuwa nakubaliana naye kidogo. Siku zote nimeona mbio za wanawake peke yao kama kudekezwa, kama kusema hatuwezi kukimbia barabara moja na wenzetu. Ajenda ikaahirishwa mpaka kikao kijacho. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma juu ya jambo hili badala ya kusoma mambo ya mitihani, na nimebadili msimamo. Naomba niwaeleze kwa nini.

Mbio za kwanza maarufu za barabarani kwa ajili ya wanawake peke yao zilifanyika New York, Marekani, Juni 1972, ndani ya bustani kubwa ya Central Park. Mpaka leo zinafanyika kila mwaka mwezi wa Juni, kilomita 10, na huvuta maelfu ya wanawake. Siku hizi zinaitwa New York Mini 10K. Majirani zetu wa Kenya wanazijua vizuri: Tegla Loroupe na Mary Keitany wamewahi kuzishinda. Ukiangalia picha za leo unaweza kudhani zilianza kubwa. Mwaka ule wa kwanza walikimbia wanawake 72.

Tukumbuke hali ilikuwaje wakati huo. Kwenye Olimpiki ya 1928 wanawake walikimbia mita 800, na baada ya hapo wakubwa wa riadha wakaamua kwamba umbali ule ni mkubwa mno kwa mwili wa mwanamke. Mbio hizo hazikurudishwa kwa wanawake mpaka 1960. Mwaka 1967 mwanafunzi wa chuo kikuu, umri wake miaka 20, anaitwa Kathrine Switzer, alijiandikisha Boston Marathon kwa herufi za mwanzo tu, K. V. Switzer. Akapewa namba 261. Akiwa njiani, ofisa mmoja wa mbio alimvamia akitaka kumnyang'anya namba ile. Alimaliza hata hivyo. Nasisitiza: alikuwa mwanafunzi kama sisi, anafanya mazoezi jioni baada ya vipindi, na kocha wake mwenyewe mwanzoni alimwambia mwanamke hawezi umbali ule.

Sasa njoo 1972. Kampuni moja iliyokuwa inauza krimu ya wanawake ya kunyolea miguu, jina lake Crazylegs, ilitaka kudhamini marathoni ya wanawake. Mwandaaji wa mbio, Fred Lebow, aliona ukweli: wanawake wa kutosha kujaza marathoni hawakuwepo. Je, alisema "hawajitokezi" akafunga daftari? Hapana. Alipunguza umbali mpaka maili 6, karibu kilomita 10, akaziita "mini" kwa kufuata jina la sketi fupi zilizokuwa fasheni. Kina Switzer na mkimbiaji mwenzake Nina Kuscsik wakasaidia kuzitangaza. Wakapatikana 72. Mwaka uliofuata zikaandaliwa tena, na uliofuata tena.

Hapo ndipo hoja ya "walikuja 9" inaponishinda kuielewa. Tisa ni idadi ya waliokuja kwenye mbio zilizoandaliwa vile zilivyoandaliwa. Ngoja niwasimulie zilivyokuwa. Mimi na mwenzangu wa chumba tulifanya mazoezi wiki tatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa sababu baada ya hapo barabara inajaa. Kila siku palikuwa na neno. Bodaboda: "Mrembo, panda nikusogeze." Wale wanaokesha kwenye vimbweta: "Punguza tu chipsi dada, utakufa bure." Asubuhi moja mtu tusiyemjua alitufuata kwa pikipiki taratibu, taa zimezimwa, kutoka geti mpaka karibu na zahanati. Mwenzangu hakutoka tena. Ndiyo maana tulikuwa 9 na si 10.

Siku yenyewe nilimaliza wa tano kwa wanawake. Nilipofika, meza ya kuandika muda ilikuwa imeshakunjwa, maji yameisha, na washindi wa kiume wanapiga picha na kombe. Mshindi wetu wa kike alipewa fulana na makofi. Mpaka leo sijui nilikimbia dakika ngapi. Halafu mtu anasimama kwenye kikao anatutumia kama takwimu!

Nirudi kwenye suala la ubaguzi, maana ndilo lililonisumbua zaidi. Oktoba 1972, miezi minne tu baada ya zile mbio za Central Park, ilifanyika New York City Marathon. Chama cha riadha kilikuwa kimeruhusu wanawake, ila kwa sharti: waanze dakika 10 kabla ya wanaume, kama vile ni mashindano mengine. Bastola ya wanawake ilipolia, wanawake sita, Nina Kuscsik akiwa mmoja wao, waliketi chini pale pale kwenye mstari wa kuanzia, na mabango mikononi. Wakakaa dakika 10 nzima. Bastola ya wanaume ilipolia wakanyanyuka, wakakimbia na wote. Kwa adhabu wakaongezewa dakika 10 kwenye muda wao.

Yaani mji uleule na mwaka uleule, watu walewale walipigania mbio zao peke yao na wakagoma kutengwa kwenye mbio za wote. Nilipoyasoma haya nilicheka peke yangu maktaba. Nilikuwa nimejifunga kwenye swali la uongo, kwamba lazima uchague kimoja. Wao walijua tofauti kati ya kujikusanya wenyewe ili mkue na kuwekwa pembeni na mtu mwingine ili msimsumbue. Miaka 12 baadaye, 1984, marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki kule Los Angeles. Leo tunamshangilia Magdalena Shauri wetu aliyemaliza wa tatu Berlin 2023 kwa saa 2:18:41. Barabara anayokimbilia ilifunguliwa na watu wachache wasiokubali kuambiwa ni wachache.

Hata hivyo sitaki kuuza ndoto. Mbio zile za mwanzo zilikuwa na mambo yake ya ajabu: jina la sketi, mdhamini wa krimu ya miguu, na wasichana wa Playboy waliowekwa pale mwanzo ili wapiga picha waje. Na sisi tusipoangalia tutaletewa fulana za pinki, muziki, mtangazaji anayeita washiriki "warembo wetu", na hakuna saa wala kombe. Hatari nyingine ni kuambiwa baadaye: "Si mna zenu? Tuachieni bonanza letu."

Kwa hiyo naunga mkono hoja, kwa masharti. Umbali upimwe na muda wa kila mmoja uandikwe, wa kwanza hadi wa mwisho. Zawadi zilingane na za wanaume, shilingi kwa shilingi. Mbio za wote ziendelee kuwepo, na meza isikunjwe mpaka mtu wa mwisho afike. Barabara ya mazoezi iwe na mlinzi kuanzia saa kumi na moja alfajiri kwa wiki nne kabla, maana kazi kubwa iko kwenye mazoezi. Anayetaka kukimbia na hijabu yake au na suruali ndefu asiulizwe kitu. Na wale kaka zetu wanaotaka kusaidia, tunawahitaji: kugawa maji, kushika saa, kuwaambia wenzao wa vimbweta wafunge midomo.

Kaka wa mwaka wa tatu aliuliza kama tungekubali mbio za wanaume tupu. Namjibu kwa heshima: mwaka jana nilizikimbia.

Kikao kinarudi Alhamisi hii saa kumi jioni, na ajenda ni ileile. Nimeanza kuorodhesha majina ya watakaokimbia, yapo 41 mpaka naandika hapa. Fomu ipo kwangu, na kila bloku ina mtu wa kuandikisha. Mwenzangu wa chumba amejiandikisha wa pili. Raba zake zilishagawiwa mdogo wake nyumbani, kwa hiyo mwenye namba 39 asiyoitumia anitafute.