Paka wa mtoto ana lukemia, tumfanyeje?

Barua ya wiki hii imetoka kwa mama mmoja wa Tanga. Naifupisha, maana aliandika kurasa tatu na nusu yake ni machozi.

Ana binti wa miaka tisa. Mwaka juzi binti alirudi kutoka sokoni na kitoto cha paka cheupe ndani ya mfuko wa shule, akakiita Pamba. Pamba akakua, akawa halali ila miguuni mwa mtoto. Miezi ya karibuni amekonda, anatokwa na udenda, fizi zimevimba, na homa inakuja na kuondoka. Daktari wa mifugo alimtoa damu, akaiweka kwenye kipimo kidogo cha haraka, akasema ni lukemia ya paka. Basi nyumbani hakukaliki. Mama mkwe anataka Pamba atiwe kwenye kiroba akatupwe mbali kabla hajamwambukiza mjukuu wake saratani ya damu. Baba yuko kimya. Mtoto hataki kula. "Dada, nimsikilize nani?" anauliza mama huyu. "Na mwanangu yuko salama?"

Nianze na mwanao, mama mwenzangu. Huu ugonjwa hataupata. Jina la lukemia ndilo linalotutisha. Ni maradhi ya virusi vya paka, na viligunduliwa mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake huko Glasgow, Scotland, walipofuatilia paka wa nyumba moja waliokuwa wakiugua saratani mmoja baada ya mwingine. Tangu wakati huo watu wamekula, wamelala na kulea watoto pamoja na paka wenye virusi hivi, na hakuna mtu anayejulikana kuambukizwa. Hata mbwa hawapati. Utasikia pia watu wakisema "UKIMWI wa paka". Hilo ni jina la ugonjwa mwingine wa paka, nao vilevile haumpati binadamu.

Virusi hivi vinaweza kweli kuleta saratani, lakini si kila paka huipata. Wengi hudhoofu kwa sababu kinga ya mwili imeshuka na damu imepungua, na hapo kila kidonda cha kinywa, kila mafua na kila kiroboto huwa jambo kubwa.

Sasa kiroba. Virusi hutembea kwa mate hasa: paka wanaolambana, wanaokula bakuli moja, wanaoumana, na mama anayenyonyesha watoto wake. Wanaodhurika zaidi ni vitoto. Ukimtupa Pamba sokoni umewapelekea paka wa sokoni ugonjwa, na yeye utakuwa umemuua kwa njaa. Inawezekana kabisa kwamba yeye mwenyewe aliupata hivyo, kwa mama aliyetupwa na mtu wa nyumba nyingine. Na nyumba yako haihitaji kufukizwa wala godoro kuchomwa. Nje ya mwili wa paka virusi hivi havidumu, ni suala la saa chache tu, na sabuni ya kawaida huviua.

Kabla ya yote, rudini kwa daktari baada ya wiki kadhaa apime tena, ikiwezekana kwa kipimo cha maabara. Wapo paka ambao miili yao huvidhibiti virusi na kipimo cha pili huja tofauti. Yule paka wako mwingine mweusi naye apimwe. Akiwa hana, achanjwe na akae mbali na Pamba, kila mmoja na bakuli lake. Chanjo hiyo haimsaidii aliyekwisha kuambukizwa, kwa hiyo usikubali kulipia ya Pamba. Ya kichaa cha mbwa ni jambo jingine, muulize daktari.

Pamba abaki ndani. Najua nyumba zetu, mlango uko wazi tangu alfajiri na paka ni mtu wa ukutani. Lakini nje atagombana, ataumwa, ataokota kila aina ya maradhi na kuyagawa ya kwake. Kama hajahasiwa, daktari aamue kama afya yake inaruhusu, maana dume asiyehasiwa hafungiki ndani.

Chakula ndipo penye kazi. Mwenye vidonda vya kinywa anatamani kula ila anaumia, kwa hiyo apewe kitu laini, cha uvuguvugu ili harufu imvute: samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba, kuku aliyechambuliwa, na chakula cha paka cha dukani kama mfuko unaruhusu, kwani samaki peke yake haitoshi siku zote. Nyama mbichi, utumbo mbichi na maziwa yasiyochemshwa, hapana. Kinga yake haiwezi kupambana na vijidudu hivyo.

Na hapa nisimame kidogo, kwa sababu ndipo tunapowaua paka wetu kwa mapenzi. Mchuzi wa mabaki una vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na Pamba damu yake imekwisha kupungua. La pili ni Panadol. Umeandika kwamba jirani alikushauri umpe nusu kidonge kushusha homa. Mshukuru, na kidonge ukirudishe kabatini. Mwili wa paka hauwezi kuivunja parasetamoli, na hata kipande kidogo kinaweza kumuua. La tatu ni viroboto. Wanamnyonya damu na wanaweza kumletea vijidudu vinavyoshambulia damu hiyo hiyo, kwa hiyo lazima waondoke, lakini si kwa dawa ya mbwa wala ya kuogeshea ng'ombe. Nyingi zina permethrin au kemikali za jamii yake, na paka hutetemeka mpaka akafa. Omba dawa iliyoandikwa kuwa ni ya paka.

Kila Jumamosi mwekeni Pamba kwenye kikapu, mkampime kwenye mizani ya duka, mwandike uzito kwenye daftari. Kukonda kwa paka huonekana kwenye mizani mapema kuliko machoni, kwa ajili ya manyoya. Mfunueni mdomo pia. Fizi za pinki ni nzuri. Zikiwa nyeupe kama karatasi, au akihema kwa mdomo, au akipitisha siku nzima bila kula, usingoje Jumatatu.

Choo chake kiwe beseni la mchanga, kisafishwe kila siku na mtu mzima, mikono ioshwe. Kama kuna mjamzito nyumbani, yeye asikiguse. Sababu yake si lukemia, ni kwamba paka wanaweza kuwa na vijidudu vingine vinavyodhuru mimba.

Uliuliza ataishi muda gani. Dawa ya kumponya haipo. Wengi wanaoendelea kuwa na virusi hivi hufa ndani ya miaka michache, na wapo wanaokaa vizuri kwa muda mrefu kati ya ugonjwa mmoja na mwingine. Daktari anaweza kutibu vidonda, homa na viroboto, akakuongezea miezi ya raha. Itakapofika siku Pamba hali, hajilambi, hataki kushikwa hata na binti yako, iko sindano ya kumpumzisha, na si ukatili kuiomba.

Mtoto asidanganywe. Usimwambie Pamba amepelekwa shamba. Mwambie sasa kwamba paka wake ana ugonjwa usiopona na kwamba kazi yenu ni kumfanya astarehe, kisha mpe daftari lile la uzito aliandike yeye. Nadhani ataanza kula.

Mama mkwe usibishane naye. Msomee sehemu ya mate na sabuni, halafu mwombe akuchambulie samaki wa Pamba. Umeandika mwenyewe kwamba hapo nyumbani hakuna anayejua kutoa miiba kama yeye.