Ukuta Usiofika Juu

Vijana wenzangu, watu wakisikia Amarat wanafikiria mageti makubwa na majenereta. Mimi naishi hapa kwa ploti ya vyumba sita, vyote kwa mstari mmoja, kila ukuta unahudumia vyumba viwili. Mwezi jana jirani aliacha mshumaa karibu na neti. Ukuta wetu hauendi mpaka kwa mabati, umeishia usawa wa boriti na juu ni wazi. Moto ulipita hapo hapo juu. Kabla tulete maji, vyumba vitatu vimeisha. Mama mmoja alitoka na watoto na sufuria moja.

Wengi wenu mmeniambia dawa ni kuacha kujenga nyumba za kushikana. Sikubali. Kwa kambi ninakojitolea nafasi iko wapi?

Waingereza walijenga mitaa mizima hivyo enzi za Malkia Victoria (1837 hadi 1901), maana viwanda vilivuta watu mjini na ukuta wa pamoja unaokoa ardhi na tofali. Watu husifu madirisha yao yaliyotokeza mbele na marembo ya mlangoni. Sawa, ni mazuri. Lakini mimi nilishikwa na ukuta. London ilishaungua mwaka 1666, na sheria ya 1774 ikataka ukuta kati ya nyumba na nyumba upite paa kabisa. Ndiyo maana kwa picha za mitaa ya London unaona vituta vya tofali vinakata paa, nyumba kwa nyumba. Sheria ya afya ya 1875 nayo ikapa miji nguvu ya kudai mifereji na uwazi nyuma ya nyumba.

Huku kwetu ulikuja mstari tu. Hata wafanyakazi wa reli kule Muthurwa, Nairobi, wakoloni waliwajengea chumba kimoja kimoja, bomba na choo ni vya wote.

Mimi nasema tudai tofali za juu kwanza, kabla ya plasta, kabla ya rangi. Ni mistari michache tu kutoka boriti mpaka kupita mabati. Na kambini tukisaidia kujenga, tusikubali kufunika paa kama ukuta haujapanda.

Nimemwambia mzee mwenye ploti. Akasema tofali ni ghali siku hizi. Jumatatu fundi alikuja, akapaka geti rangi.