HUKUMU IKIKOSEWA, NANI AIFUNGUE TENA?



Wazazi wetu, walimu wetu na wanafunzi wenzetu, sote tumesomeshwa kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Alitiwa gerezani bila kosa akakaa humo miaka. Mfalme alipomhitaji akatuma mjumbe amtoe. Je, alikimbilia mlangoni? La. Alimrudisha mjumbe, akataka kwanza liulizwe lile jambo la wanawake waliojikata mikono. Wanawake wakaulizwa, ukweli ukadhihiri, na mke wa Mheshimiwa akakiri. Ndipo Yusuf akatoka.

Hapa pana mafunzo makubwa. Kutolewa jela ni jambo moja, na kusafishwa jina ni jambo jingine. Katiba yetu, ibara ya 45, inampa Rais uwezo wa kusamehe wafungwa, na wengi hutoka kwa njia hiyo. Lakini msamaha hausemi kwamba mahakama ilikosea. Asiye na kosa hahitaji kusamehewa. Anahitaji kesi yake itazamwe upya.

Njia zilizopo

Sheria zetu zinakubali kwamba hakimu ni binadamu. Ndiyo maana kuna ngazi. Aliyehukumiwa na Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya. Aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi hutoa notisi ya kusudio la rufani ndani ya siku 10, na sababu zake zifike Mahakama Kuu ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala za hukumu. Mahakama Kuu inaweza hata kuruhusu ushahidi wa ziada. Juu yake ipo Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979.

Mahakama hiyo imetoa maonyo mazito. Katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ilieleza kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu sana, na mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kumfananisha uwe umeondoka. Shahidi aulizwe: alikuwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Alimtazama kwa muda gani? Alimjua kabla? Sisi wa Mbwawa na majirani zetu wa Kisarawe tuyaweke moyoni maswali haya. Usiku wa giza, kelele za mwizi zikipigwa, mara ngapi tunasema "ni fulani" kwa sababu tu tulikuwa tunamshuku tangu zamani?

Pengo lililobaki

Sasa tuseme rufani ya mwisho imekataliwa. Umebaki mlango mwembamba unaoitwa marejeo, ambapo Mahakama ya Rufani huombwa, ndani ya siku 60, kuitazama hukumu yake yenyewe. Kanuni zake za mwaka 2009 zimetaja sababu chache: kosa la wazi katika kumbukumbu, mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu kupatikana kwa njia haramu, udanganyifu au ushahidi wa uongo. Ushahidi mpya haumo katika orodha hiyo. Je, mkosaji wa kweli akijitokeza baada ya miaka kumi, mfungwa aende wapi?

Upo mlango mwingine, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Tarehe 20 Novemba 2015 iliamua kwamba Mtanzania aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha hakusikilizwa kwa haki, tena hakuwa na wakili. Lakini mwezi Novemba 2019 nchi yetu iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda huko moja kwa moja, na uamuzi huo ukaanza kutumika Novemba 2020.

Wenzetu wa Uingereza walijifunza kwa uchungu. Mwaka 1975 watu sita walifungwa maisha kwa mabomu yaliyoua watu 21 mjini Birmingham. Hukumu ilifutwa mwaka 1991, wakiwa wamekaa ndani miaka 16. Ikaundwa tume huru, iliyoanza kazi mwaka 1997. Tume hiyo haimfungulii mtu gereza. Inachunguza malalamiko, inakusanya nyaraka, na ikiona shaka ya kweli inairudisha kesi mahakamani. Maoni yetu ni kwamba Tanzania nayo inahitaji chombo cha namna hii.

Watakuwepo watakaosema kesi lazima ziwe na mwisho, na aliyedhulumiwa apate utulivu. Ni kweli. Lakini kama aliyefungwa siye, basi aliyedhulumiwa hajapata haki yake bado, na dhalimu anatembea mitaani. Katika barua mashuhuri inayonasibishwa na Sayyidna Umar (r.a.) kwa Abu Musa Al-Ash'ari, kadhi anausiwa kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kurejea kwenye haki leo. Kurejea si aibu. Aibu ni kujua na kunyamaza.

Wajibu wetu

Tusingoje tume. Kwanza, tusitoe ushahidi ila kwa tulichokiona. Pili, ndugu akihukumiwa, familia ifuatilie mapema nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, kwani siku 10 huisha upesi. Tatu, tuulizie msaada wa kisheria. Ipo sheria yake ya mwaka 2017, na mtu asikose rufani kwa sababu ya umasikini. Nne, tusimtenge mke wala watoto wa mfungwa. Watoto hao tunakaa nao mkeka mmoja hapa madrasa.

Na nyinyi wanafunzi, someni. Mahakama zetu zinawahitaji mawakili na mahakimu wenye kumwogopa Allah (s.w.), ambao wakionyeshwa kosa lao watasema: tulikosea, tufungue tena.

Wabillahi tawfiq.