Unga wa wajane: kijiji kimoja cha Ohio na daftari langu la michango

1/7
Leo nina siku ya kupumzika, nikaona niandike hili jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Ni refu kidogo, lakini naomba usome mpaka mwisho maana mwishoni ndo nina ugomvi na nyie. Na mimi mwenyewe nimo.

Kama mnavyojua, siku hizi sikai wodini. Nazunguka na gari kwenye majumba ya wagonjwa huku Ohio: napima presha, nasafisha vidonda, napanga dawa za wiki. Desemba moja niliingia jikoni kwa mama mmoja mzee, mjane (mambo kadhaa nimeyabadilisha asitambulike). Ana sukari ya miaka mingi. Mezani nakuta mfuko wa unga wa ngano, na pembeni mfuko wa sukari nyeupe!

Nikauliza, nani kakuletea hii? Akacheka sana. Akasema, "Kijiji. Huwa wanatuletea wajane wote kila Krismasi."

Jamani, mgonjwa wa sukari, serikali ya kijiji inamletea sukari! Nilitaka kugomba. Lakini nikakaa, akanisimulia, na baadaye nikasoma mwenyewe. Sasa nawasimulia nyie.

2/7
Kijiji kinaitwa Yellow Springs. Ni mwendo wa kama nusu saa kwa gari kutoka mji wa Dayton. Jina limetokana na chemchemi iliyopo pale, maji yake yana madini ya chuma mpaka mawe yamegeuka rangi ya manjano. Wakazi hawafiki 4,000. Kwa sheria za Ohio, mji wenye watu chini ya 5,000 unahesabika kuwa kijiji, kwa hiyo usifikirie nyumba za udongo. Kuna benki, maktaba na maduka.

Miaka ya 1860 alihamia pale mtu mmoja mweusi, Wheeling Gaunt, na mkewe Amanda. Gaunt alizaliwa mtumwa jimbo la Kentucky. Alifanya kazi, akakusanya hela, akajinunua mwenyewe kwa dola 900. Hebu simama hapo kidogo. Mtu analipa ili awe mali yake mwenyewe. Kisha akamnunua na mkewe awe huru. Walipofika Yellow Springs akaendelea kufanya kazi na kununua ardhi, mpaka akawa mmoja wa watu wenye uwezo pale.

Mwaka 1894 alifariki. Akakiachia kijiji shamba upande wa magharibi, ekari kama tisa hivi, kwa sharti moja: kodi ya shamba hilo inunue unga, wapewe wajane maskini wa kijiji wakati wa Krismasi.

Mwaka 1894. Na mimi unga nimeukuta mezani kwa macho yangu.

3/7
Sasa, msije mkasema nesi kaenda Marekani kaona pepo. Kijiji hiki kina historia yenye pande mbili.

Mwaka 1825 walikuja watu wenye mawazo ya Robert Owen, wakataka kuishi pamoja kijamaa: kazi pamoja, mali pamoja. Sisi wa Tanzania tunaelewa hiyo hadithi. Haikudumu hata miaka mitatu. Mwaka 1862, vita vya Marekani vikiwa vimepamba moto, mhubiri Moncure Conway aliwaleta pale watu waliokuwa watumwa wa familia yake Virginia, wakaanza maisha. Kuna chuo pale, Antioch, kilichofunguliwa 1853 kikapokea wanawake mapema; Coretta Scott alisoma hapo kabla hajaolewa na Martin Luther King.

Uzuri wote huo, lakini mwaka 1964 kulikuwa na kinyozi katikati ya kijiji hicho hicho aliyekataa kunyoa watu weusi. Machi mwaka huo wanafunzi na wakazi wakaandamana, polisi wakawapiga maji na mabomu ya machozi, na zaidi ya 100 wakakamatwa. Na leo nyumba zimepanda bei, familia nyingi za watu weusi zimehama. Yaani mjukuu wa mtu kama Gaunt angepata tabu kununua nyumba pale.

Kwa hiyo siwasifii watu kuwa ni wema kuliko sisi. Ninachosema ni kwamba mawazo makubwa ya mwaka 1825 yalikufa, chuo chenyewe kilifungwa mwaka 2008 kikafunguliwa tena 2011, watu wamegombana, wamehama, lakini unga unafika. Kwa nini?

4/7
Nimewaza sana hilo swali nikiwa barabarani. Jibu langu ni kwamba Gaunt hakuuacha unga mikononi mwa huruma ya mtu. Alitoa ardhi, akasema pesa itoke hapo. Akataja nani apewe, wakati gani, na ofisi ipi ihusike. Mtu akifa, ofisi haifi.

Mnajua shamba lenyewe halipo tena? Sasa ni uwanja wa wananchi, una bwawa la kuogelea na viwanja vya michezo, unaitwa kwa jina lake. Kijiji kingeweza kusema kodi imekwisha, unga basi. Badala yake wakaongeza na sukari juu.

Kama nesi nina jingine la kuongeza. Wafanyakazi wa kijiji ndio wanaopeleka mifuko, mlango kwa mlango. Kwa mtu mwenye fridji iliyojaa, unga si kitu. Lakini sisi tunaoingia majumbani tunajua thamani ya mlango kugongwa. Nimekuta mtu aliyeanguka bafuni tangu jana yake. Nimekuta dawa za mwezi mzima hazijaguswa, na mtu kavaa nguo ile ile ya ziara iliyopita. Wajane wapya hasa. Mwaka wa kwanza baada ya msiba mtu anaacha kula, presha inapanda, anakuambia niko sawa tu, na ukiangalia jiko unaona halijawashwa.

Yule mama nilimuuliza, na sukari utafanyaje? Akasema, "Silambi hata kijiko. Jirani anachukua unga na sukari, anaoka biskuti, anakuja kunywa chai na mimi." Nikafunga mdomo wangu.

5/7
Sasa tuje kwetu. Hapa ndo panaponiuma.

Miaka michache iliyopita dada mmoja mwenzetu alifiwa na mume hapa hapa Ohio. Tulichanga. Jamani, tulichanga! Watanzania, Wakenya, Wakongo, mpaka watu ambao hawakumjua marehemu. Ndani ya siku chache hela ya kusafirisha mwili ikapatikana, tiketi za mjane na watoto zikapatikana. Mimi ndiye nilikuwa mweka hazina. Daftari ninalo mpaka leo, kila jina na kiasi chake. Kundi la WhatsApp lilikuwa halilali: pole dada, tuko pamoja, Mungu akutie nguvu.

Baada ya mazishi nikaandika kwenye kundi: "Asanteni wote, shughuli imekwisha salama, tunafunga kundi." Nikafunga. Nikajisikia nimefanya kazi nzuri.

Miezi minane baadaye nakutana naye dukani. Amekonda. Anafanya zamu mbili, mtoto mkubwa wa miaka kumi na mbili ndiye anayewapikia wadogo zake. Nikamwambia, jamani, mbona hukusema? Akaniangalia tu, akajibu bila hasira: "Dada, ningesemea wapi? Kundi mlilifunga."

Sina la kujitetea. Nilifundishwa chuoni kwamba mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani lazima apewe tarehe ya kurudi kliniki. Huyu mimi nilimruhusu bila tarehe.

6/7
Najua mtasema nini, maana na mimi nilijiambia hayo hayo.

Mtasema sisi tuna undugu, wenzetu huku wanatupa wazee. Undugu tunao, na siudharau. Ulisafirisha mwili kilomita maelfu. Lakini undugu wetu una nguvu sana siku za msiba, halafu unachoka. Ukipita arobaini, mjane anabaki na ukoo. Na ukoo, tuseme ukweli, mara nyingine ndio unaokuja kuhesabu vyombo na kuulizia hati ya kiwanja. Mtu aliyewahi kuwa mali ya mwingine aliacha ardhi kwa ajili ya wajane. Sisi tuliozaliwa huru tunawanyang'anya wajane ardhi. Hilo linanitia aibu.

Mtasema kuna wajane wasiostahili. Gaunt mwenyewe aliandika wajane maskini na wanaostahili. Lakini yule mama hakuulizwa kipato chake wala tabia yake. Ni mjane, anaishi kijijini, basi. Kwetu tungeunda kamati. Alimuuguza mume vizuri? Alilia msibani? Anaelewana na mawifi? Mpaka kamati imalize kikao, unga umeoza.

Mtasema mfuko wa unga haulipi kodi ya nyumba. Kweli haulipi. Lakini anayekuja na unga anaona kama kodi imelipwa. Huwezi kumsaidia mtu usiyemwona.

7/7
Basi rai yangu ni hii, na siombi makubwa. Kila kikundi chetu, cha huku na cha nyumbani, kiweke mambo manne kwenye katiba yake.

Moja, orodha ya wajane na wagane wote wa kikundi, isifutwe kundi likifungwa.
Mbili, tarehe. Mimi napendekeza Januari: baridi kali huku, ada za shule nyumbani, na kila mtu kaishiwa.
Tatu, chanzo kisichotegemea mtu ameamkaje. Katika kila mchango wa msiba, sehemu ndogo isipelekwe kwenye jeneza na pilau, ibaki benki kwa ajili ya huyo atakayebaki hai.
Nne, mtu mwenye zamu. Asitume hela kwenye simu. Aende agonge mlango, aingie mpaka jikoni.

Na vijiji vyetu nyumbani vingi vina ardhi kuliko hiki. Ekari chache za shamba la kijiji zikikodishwa, hazikosi magunia ya mahindi ya wajane kila mwaka. Wenyeviti wa vijiji mnaonisoma, ekari tisa tu zilitosha kule.

Yule dada nilimtafuta, nikamwomba radhi. Amenisamehe, ingawa najua kusamehe si kusahau. Januari iliyopita nilikwenda kwake na unga wa sembe kilo kumi, mafuta na maharage. Tukapika, watoto wakala, nikampima presha. Ilikuwa juu. Sasa anatumia dawa.

Kama ningetuma hela kwenye simu, nisingejua.

Ukimaliza kusoma, usiniandikie "ubarikiwe nesi". Mtumie mweka hazina wa kikundi chenu, umuulize: orodha yetu iko wapi?