Je, Kuzomea ni Dhambi? Tafakari juu ya Kijana Aliyehukumiwa Kabla Hajacheza



Ndugu wapendwa wasomaji wetu, juma hili tunaomba ruhusa yenu kuyaweka kando masomo ya Dominika, ili tujibu swali tuliloletewa na msomaji mmoja aishiye Texas, nchini Marekani. Yeye ni mpenzi wa mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono na mabega zaidi kuliko kwa miguu. Anaeleza kwamba alikuwa amekusanyika na mashabiki wenzake kusubiri timu yao itangaze mchezaji mpya. Walitamani mfungaji mwenye jina; wakatajiwa kijana wa safu ya ulinzi. Ukumbi mzima ukazomea, naye akazomea pamoja nao. Aliporudi nyumbani akamwona kijana yule katika televisheni, ameketi karibu na mama yake, na tangu hapo moyo wake haukutulia. Anauliza: "Padre, je, kuzomea ni dhambi?"

Wapo watakaolicheka swali hili. Sisi hatukulicheka, kwa sababu tumeona ndani yake jambo linalotuhusu sisi sote, hata tusioujua mpira huo.

Kwa ajili ya wasioufahamu, tueleze kidogo. Ligi kuu ya mchezo huo, iitwayo NFL, ina timu 32. Kila mwaka, mwezi wa Aprili, timu hizo huchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuo vikuu. Kwa kawaida timu iliyoshindwa kuliko zote msimu uliopita ndiyo huchagua kwanza, na bingwa huchagua mwishoni. Hivyo wa mwisho hupewa nafasi ya wa kwanza, utaratibu ambao msomaji wa Injili hawezi kuusikia bila kutabasamu. Lakini utaratibu huo una uchungu wake: kijana anayesifiwa kuliko wote hupelekwa mahali penye njaa kuliko pote, na mwenye njaa hana subira.

Mlinzi wa mstari wa mbele, ambaye ndiye tunayemzungumzia, huinama mkono ukigusa nyasi, akikabiliana na watu wenye miili mikubwa kama wake. Mchezo ukianza, huwasukuma ili amfikie mrushaji wa mpira wa upande wa pili na kumwangusha kabla hajaurusha. Akifaulu, uwanja mzima husimama, na tendo hilo huandikwa katika hesabu yake. Lakini mara nyingi zaidi kazi yake ni kuwazuia wapinzani wawili peke yake, ili mwenzake aliye nyuma apate upenyo na kumkamata mwenye mpira. Hapo sifa huandikwa kwa mwenzake, naye hubaki kuinuka polepole kutoka chini ya lundo la watu. Shabiki anayefuata mpira kwa macho hamwoni kabisa.

Sasa tuutazame mji wa Houston, ambako jambo hili limetokea kwa namna ya kutufundisha. Mji huo ulikuwa na timu ya zamani, Oilers, iliyouhama baada ya msimu wa 1996 na kwenda Tennessee, ambako baadaye iliitwa Titans. Houston ikapata timu mpya, Texans, iliyoanza kucheza mwaka 2002. Msimu wa 2005 timu hiyo ilishinda michezo 2 na kupoteza 14, na kwa sababu hiyo ikawa ya kwanza kuchagua mwezi Aprili 2006.

Mashabiki walikuwa wamekwisha kufanya uteuzi wao mioyoni. Wengine walimtaka Reggie Bush, mkimbiaji aliyewaduwaza watu akiwa Chuo Kikuu cha Southern California. Wengine walimtaka Vince Young, mwana wa Houston hasa, ambaye tarehe 4 Januari 2006 alikipatia Chuo Kikuu cha Texas ubingwa wa taifa. Viongozi wa timu wakamchagua Mario Williams, mlinzi kutoka Chuo Kikuu cha North Carolina State, kijana mwenye kimo cha karibu mita 2 na uzito uliopita kilo 130. Walimpa mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya dola milioni 54. Mashabiki wakazomea.

Sababu za viongozi hazikuwa za kipuuzi. Mrushaji wao, David Carr, ambaye walimchagua wa kwanza mwaka 2002, aliangushwa mara 76 katika msimu wake wa kwanza, idadi ambayo haijawahi kumpata mrushaji mwingine katika msimu mmoja. Walijua kwa machozi yao wenyewe nguvu ya mlinzi anayevunja ukuta. Tena katika kundi lao alikuwamo Peyton Manning wa Indianapolis, mrushaji ambaye asiposumbuliwa huwafanya wapinzani kuwa watazamaji. Lakini nani husikiliza sababu akiwa amekwisha kukata tamaa?

Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu. Williams alicheza akiwa na maumivu ya unyayo, na hesabu yake ikaishia mara 4 na nusu, nusu hiyo ikiwa ni pale wachezaji wawili wanapomwangusha mrushaji pamoja. Wakati huohuo Vince Young, aliyechukuliwa na wale wale Titans waliouacha mji huo, alirudi Houston tarehe 10 Desemba 2006, na katika muda wa nyongeza akakimbia yadi 39, karibu mita 36, akawashinda Texans mbele ya watu wa nyumbani kwake. Mnaweza kufikiri yaliyosemwa usiku ule juu ya Mario Williams.

Mwaka uliofuata, 2007, Williams aliwaangusha warushaji mara 14. Mwaka 2008, mara 12. Katika misimu 6 aliyokaa Houston alifikisha mara 53, kisha akaenda Buffalo mwaka 2012, akaendelea kucheza hadi mwaka 2016. Vince Young alicheza mchezo wake wa mwisho katika ligi mwaka 2011. Naye hakusalimika: mwaka 2008 mashabiki wa timu yake mwenyewe walimzomea. Kinywa kilichomlilia kijana huyu aje kingeweza kabisa kumzomea kama angekuja.

Mwaka 2011 mambo yakajirudia. Texans walimchagua J.J. Watt, mlinzi kutoka Wisconsin, akiwa wa 11 katika uteuzi, na mashabiki waliokusanyika Houston wakazomea tena. Watt akawa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima mara tatu: 2012, 2014 na 2015. Mwaka 2017, kimbunga Harvey kilipoufurika mji huo kwa maji, alianzisha mchango uliokusanya zaidi ya dola milioni 37 kwa ajili ya walioathirika. Bila shaka zilijengwa upya hata nyumba za baadhi ya waliomzomea.

Ndugu wapendwa, hapa ndipo tunapotaka kusimama, maana hapa ndipo wengi hufanya haraka kutoa fundisho. Husema: "Mnaona? Walimzomea, naye akawaaibisha. Msimhukumu mtu mapema, maana anaweza kuwa mkubwa kesho." Fundisho hilo ni tamu, lakini kwa maoni yetu halitoshi, na ndani yake limeficha kosa lile lile. Linasema kuzomea kulikuwa kubaya kwa sababu Williams alifanikiwa. Je, kama asingefanikiwa? Courtney Brown alichaguliwa wa kwanza mwaka 2000 na timu ya Cleveland, akiwa mlinzi wa safu hiyo hiyo, akitarajiwa makubwa. Majeraha yakamwandama mwaka hata mwaka, na makubwa hayo hayakuonekana. Jadeveon Clowney alichaguliwa wa kwanza na Houston mwaka 2014, akaumia goti katika mchezo wake wa kwanza kabisa. Je, mtu ambaye mwili wake umemsaliti anastahili kuzomewa kwa kuwa hana hesabu ya kuwajibu wazomeaji?

Sisi tunasema hapana. Mario Williams hakustahili kuzomewa siku ile, hata kama asingemwangusha mrushaji mmoja maishani mwake. Siku ile hakuwa amekosa jambo lolote. Kosa lake pekee lilikuwa kwamba hakuwa mtu mwingine. Na hilo, wapendwa, ndilo jeraha lenye kina kuliko yote ambayo mwanadamu anaweza kumtia mwenzake: kumwambia kwamba kuwapo kwake kunatuudhi kwa sababu tulimtaka mwingine.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapozichambua dhambi za ulimi, anaiweka dhihaka pamoja na matusi, masengenyo na uchonganishi, akieleza kwamba shabaha ya dhihaka ni kumwaibisha mtu. Anafundisha pia kwamba uzito wake hutegemea jinsi tunavyomdharau yule tunayemdhihaki. Kwa hiyo tunamjibu msomaji wetu: kelele za uwanjani si zote dhambi, maana michezo ina utani wake, na wachezaji wenyewe wanaujua. Lakini kumzomea kijana siku ya furaha yake, mama yake akiwa pembeni, kwa nia ya kumwonyesha kwamba hatakiwi, hilo linagusa upendo kwa jirani. Dhamiri iliyokunyima raha usiku ule haikukosea. Mshukuru Mungu kwamba ingali hai.

Mtu atatuuliza: "Padre, je, mashabiki wasitarajie kitu? Dola milioni 54 si mchezo." Ni hoja ya haki, na Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwamba aliyepewa vingi atadaiwa vingi. Hatusemi asidaiwe. Kumtarajia mtu mema ni namna ya kumheshimu. Mzazi asiyetarajia chochote kwa mwanawe amemtupa. Lakini kumbukeni mfano wa mtini usiozaa katika Injili ya Luka. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunza shamba hakukana kwamba mti haujazaa, wala hakuomba uachwe milele. Aliomba mwaka mmoja zaidi, naye akaahidi kuupalilia na kuutia mbolea. Huo ndio utarajio wa Kikristo: unadai matunda, lakini huku umeshika jembe. Mwenye haki ya kuuliza matunda yako wapi ni yule ambaye mikono yake ina udongo.

Tusidhani kwamba haya ni ya Wamarekani peke yao. Ukoo unauza ng'ombe ili kijana mmoja asome chuo kikuu. Akirudi bila kazi, hukaribishwa kwa minong'ono. Bibi arusi anaingia katika familia ambayo mama mkwe alikwisha kumchagua mwingine, na kila chakula apikacho hulinganishwa na cha yule ambaye hakuja.

Nasi tunaoandika haya hatuna mikono safi. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukisubiri paroko msaidizi. Tulitamani mwenye sauti, mhubiri wa kuwasisimua vijana, mwimbaji ikiwezekana. Tukaletewa padre kijana mwenye kigugumizi. Hatukumzomea, maana makasisi tumefundishwa adabu. Tulifanya lililo baya zaidi, tulikaa kimya. Hatukumpangia Misa kuu ya Dominika. Mezani tulimsifia mtangulizi wake. Miezi ilipita ndipo mzee mmoja wa jumuiya alipotuuliza kama tunajua ni nani anayekwenda kwa baiskeli kuwapelekea wagonjwa Komunyo katika kigango cha mbali, njia ambayo sisi tulikuwa tumeiacha kwa kisingizio cha gari bovu. Alikuwa yeye. Alikuwa ameushikilia mzigo wa watu wawili, nasi tuliokuwa tukifuata mpira kwa macho hatukumwona.

Tulimwomba msamaha. Lakini tuliungama pia kwamba tungepaswa kumpokea vema hata kama asingepanda baiskeli ile siku moja, kwa sababu alitumwa kwetu, naye alikuwa ndugu.

Basi, mpendwa msomaji wa Texas, tunakupa ushauri huu badala ya malipizi. Msimu utakapoanza, mtazame kijana yule kwa michezo mitatu bila kuufuata mpira. Mtazame yeye tu: anavyoinama, anavyosukuma, anavyoangushwa na kuinuka. Ukiona amekosea, sema kwamba amekosea, maana ukweli nao ni upendo. Na wenzako watakapoanza kuzomea, wewe nyamaza, au upige makofi peke yako. Halafu umkumbuke mtu mmoja nyumbani au kazini kwako ambaye kwa miaka umemfanya ajue kwamba ulimtaka mwingine. Kwake huyo, nenda kabla ya Dominika.

Mwenyezi Mungu, aliyetuchagua sisi kabla hatujazaa tunda lolote, awabariki nyote: Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Wenu katika Kristo,
Paroko