Land Rover ya marehemu baba: ifufuliwe au iuzwe?

KATIKA vijiji vingi vya Arusha na Manyara si ajabu kukuta Land Rover 109 imekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Gari hilo lilinunuliwa na mzee wakati mazao yana bei. Likabeba mahindi, wagonjwa na maharusi wa kijiji kizima, na siku lilipogoma kuwaka likasukumwa hapo. Baadaye mzee akafariki. Sasa watoto wanabishana: mmoja anataka lifufuliwe lisaidie kubeba mazao, mwingine anataka liuzwe kama vyuma chakavu wagawane fedha.

Ubishi wa namna hii mara nyingi huamuliwa kwa mapenzi, na mapenzi ya Watanzania kwa gari hili si madogo. Oktoba 2024 wamiliki wake walifurika Arusha kwa tamasha la Land Rover, wengine wakiwa na magari yenye umri mkubwa kuliko wao. Kulipenda gari si kosa. Tatizo linaanza pale fedha za mbegu na ada za watoto zinapoingia gereji bila mtu kujua zitarudi lini.

Kwanza ieleweke kwamba Land Rover huficha ugonjwa wake. Ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya Vita Kuu ya Pili, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana milango na mabawa ya gari lililolala miaka 20 bado yanaonekana mazima. Lakini chasisi ni ya chuma, na hata ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni wa chuma. Chasisi yenyewe ni mabati mazito yaliyochomelewa yakawa kama sanduku lenye uwazi ndani. Tope na maji huingia humo yasitoke, kutu ikala kuanzia ndani. Tundu likionekana kwa nje, ujue ndani kumekwisha siku nyingi.

Kwa hiyo ukaguzi uanzie chini, si kwenye boneti. Nyundo ndogo na bisibisi vinatosha. Chasisi nzima ikigongwa hulia. Iliyooza hutoa sauti nzito ya bubu, na bisibisi ikikazwa huzama. Mahali pa kugonga zaidi ni pale springi za nyuma zinapofungwa, mhimili wa nyuma unaovuta tela, na sakafu chini ya pedeli. Kutu ya juujuu inayotoka kwa brashi ya waya haina neno. Kiraka kimoja au viwili navyo vinavumilika. Ila springi zikiwa zimeshikilia chuma kinachomeguka kwa mkono, gari hilo ni hatari kwa abiria na rangi mpya haibadili kitu. Magari yaliyokaa pwani, au yaliyobeba mbolea ya chumvichumvi miaka mingi bila kuoshwa, yachunguzwe mara mbili.

Wengi hufanya kinyume: humwita fundi, injini ikinguruma familia inashangilia. Injini ni kitu cha kubadilishwa. Mafundi wengi wameshazoea kufunga ya dizeli ya Toyota au Isuzu kwenye Land Rover, alimradi namba mpya ya injini ikaandikishwe TRA. Chasisi ndiyo gari lenyewe.

Chasisi ikifaulu, hesabu ifuate. Chukulia mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, kila mtu aweke bei za kwake. Injini Sh4.5 milioni, kuchomelea Sh1.5 milioni, matairi matano Sh1.25 milioni, breki, springi na nyaya Sh1.25 milioni, rangi Sh500,000. Jumla Sh9 milioni, na hapo fundi hajasema "bosi, tumekuta tatizo jingine".

Gari likipona, kila safari moja ya kwenda sokoni inamwokolea Sh60,000 alizokuwa akilipa gari la kukodi. Lakini anatia dizeli ya Sh35,000, na anapaswa kutenga Sh10,000 za matairi, oili na matengenezo. Kinachobaki ni Sh15,000. Akilitumia wakati wa mavuno tu, safari tatu kwa wiki kwa wiki 16, anapata Sh720,000 kwa mwaka. Atahitaji zaidi ya miaka 12 kurudisha fedha zake. Huyo aendelee kukodi. Akiwa na kazi ya uhakika ya mwaka mzima, kubeba mizigo ya majirani na bidhaa za maduka, safari 150 zinamwachia Sh2.25 milioni, na fedha zinarudi kwa miaka minne. Gari ni lilelile na fundi ni yuleyule. Tofauti ni kazi inayolisubiri.

Kosa linalofilisi watu kimyakimya ni la kusema, "tumeshatia milioni tatu, hatuwezi kuacha." Milioni tatu hizo zimekwenda, gari litengenezwe lisitengenezwe. Kinachopaswa kuulizwa ni kiasi kilichobaki kutolewa kitaleta nini. Kama zimebaki Sh2 milioni gari liingie kazini mwaka mzima, limaliziwe, hata kama kuanza kulikuwa upumbavu. Kama zimebaki sita na kazi hakuna, basi.

Kuna pia wanaoota kumuuzia Mzungu. Ni kweli magari ya kale yana soko Ulaya, na mwaka 2016 kampuni ya Land Rover yenyewe ilianza kufufua magari 25 ya Series I kwa ajili ya wapenzi wake. Lakini Series I iliisha kutengenezwa mwaka 1958, na wanunuzi wale wanataka kila kitu cha asili. Land Rover 109 ya Series III yenye injini ya Toyota si wanachotafuta.

Kabla ya kununua hata boliti moja, familia itafute kadi ya gari na kulinganisha namba zake na zile za kwenye chasisi na injini. Kama kadi ina jina la marehemu, mirathi imalizwe kwanza. Ndugu mmoja akitengeneza kwa fedha zake gari la urithi ambalo halijagawanywa, siku linapowaka wote watakuwa wenye gari.

Uamuzi ukiwa ni kuuza, wasikimbilie mzani wa vyuma chakavu. Gia boksi, difu, springi, rimu na milango ya aluminiamu vina wateja wake kila kimoja, kwani Land Rover nyingi bado ziko barabarani zinahitaji vipuri. Chasisi iliyooza ndiyo iende kwenye mzani, ikiwa ya mwisho.

Na mazungumzo haya yafanyike kabla ya mavuno. Vitunguu vikishauzwa, fundi naye anakuwa amesikia.